Kadi za Picha katika Darasa la Jioni



Katika mkutano wetu uliopita lilitolewa shauri kwamba akiba iliyopatikana kwa ada za darasa la jioni itumike kununua kasha jipya la kadi za picha za kufundishia Kiingereza, badala ya lile la kwanza ambalo kadi zake zimechakaa na nyingine zimepotea. Wengi waliinua mikono kukubali, na sisi tufundishao darasa hilo tulinyamaza. Kunyamaza kwetu hakukuwa kukubali. Saa zilikuwa zimekwenda, watu walitaka kurudi makwao, na neno tulilokuwa nalo halikuwa la kusemwa kwa haraka mlangoni. Basi tumeona vema kuliandika hapa, ili kila mwanachama alisome kwa nafasi yake kabla shauri halijakatwa.

Kwanza tuseme wazi kwamba hatupingi kadi za picha. Wako wenzetu wasemao kuwa picha ni mchezo wa watoto, na kwamba mtu mzima ajifunzaye lugha hapana budi apewe kitabu cha sarufi na kamusi, basi. Hao nao tunawapinga. Mwaka 1658 katika mji wa Nuremberg kilipigwa chapa kitabu cha Jan Amos Comenius, mwalimu na askofu mzaliwa wa Moravia, kiitwacho Orbis Sensualium Pictus. Kitabu hicho kilifundisha Kilatini kwa picha. Kilikuwa na sura 150, na kila sura ina picha yake iliyochongwa katika mbao. Vitu vilivyomo katika picha vilitiwa namba, na namba ile ile ikaandikwa kando ya jina la kitu, kwa Kilatini na kwa Kijerumani. Mtoto aliweza kutazama, kuhesabu, na kujua mwenyewe lipi ni jina la kipi. Kadi tuzishikazo leo ni wajukuu wa kitabu hicho. Ni kama kurasa zake zilizokatwa vipande vipande. Faida yake ni ile ile: jina jipya hushikana na kitu chenyewe, na mwanafunzi hana haja ya kulipitisha kila mara katika lugha ya mama yake kama mtu avukaye mto kwa kuzunguka darajani ilhali maji ni ya magotini.

Walakini Comenius aliwachorea watoto wa Ulaya mambo ya Ulaya: tanuri la mikate waliyokula, farasi waliyempanda, fundi waliyempita njiani. Kitu walikijua, kilichokuwa kigeni ni jina la Kilatini tu. Kasha letu lilichorwa kwa ajili ya watoto wa nchi nyingine, nasi tukaliweka mbele ya watu wazima wa hapa bila kulifungua kwanza na kulitazama moja moja. Matokeo yake tutayasimulia, ingawa si sifa kwetu.

Katika mwaka wa kwanza wa darasa alikuwamo tarishi mmoja, mzee mwenye wajukuu, aliyetumika kwa uaminifu miaka mingi. Jina lake hatutalitaja. Alijiandikisha kwa haja moja: bahasha azipelekazo zina majina ya ofisi kwa Kiingereza, naye alikuwa amechoka kuwauliza vijana waliostahili kuwa watoto wake. Alifika mapema kila jioni, akakaa mbele, na daftari lake lilikuwa safi kupita yote. Jioni moja mwalimu aliinua kadi yenye picha ya nyumba. Ilikuwa nyumba yenye paa jekundu la mteremko mkali, maua mlangoni, na juu ya paa dohani itoayo moshi mwingi. Neno lililotakiwa ni nyumba. Mzee aliitazama, akainuka, akasema kwa sauti ya kusikika neno la Kiingereza la moto.

Darasa zima likacheka. Mwalimu naye alicheka, na mwalimu huyo alikuwa mmoja wetu. Mzee aliketi polepole. Juma lililofuata hakuja, wala lile la baadaye.

Tangu siku ile tumelifikiri jambo hili mara nyingi, na kila tulifikiripo twaona kwamba mzee hakukosa. Kwake, kama kwa wengi wetu tuliokulia mashamba, moshi hutoka jikoni, na jiko huwa nyuma, mbali na nyumba ya kulala. Moshi uonekanao juu ya paa la nyumba ya kulala si pambo. Ni jambo la kupiga yowe na kukimbilia maji. Mzee aliisoma picha kama mtu mwenye akili aisomavyo, akatoa jibu kwa lugha ya kigeni bila kusaidiwa. Jibu lilikuwa sahihi. Swali ndilo lililokuwa bovu, na aliyeaibishwa ni mjibu.

Yamkini mtasema hilo ni jambo la mtu mmoja na jioni moja. Sivyo. Wataalamu wamelichunguza. Mwaka 1960 William Hudson alichapisha habari za majaribio aliyoyafanya Afrika ya Kusini. Aliwaonyesha watu michoro yenye mwindaji aliyeinua mkuki, na swala karibu naye, na katikati yao tembo mdogo juu ya kilima. Waliozoea picha za vitabu walijua kwamba tembo amechorwa mdogo kwa kuwa yuko mbali, na kwamba mkuki wamwendea swala. Wengi wasiozizoea walijibu kwamba mkuki wamwendea tembo, kwa kuwa juu ya karatasi tembo ndiye aliye karibu na ncha yake. Wako waliofanya haraka kusema kwamba macho ya watu hao yamepungukiwa na kitu. Wengine waliofuata wakaitazama michoro yenyewe, wakaona ina alama chache mno za kuonyesha umbali, kwa hiyo yafaa mchoraji aulizwe kabla ya mtazamaji. Tena mwaka 1972 Jan Deregowski na wenziwe walitoa habari za Wame'en wa Ethiopia, watu ambao karatasi kwao ilikuwa kitu kigeni. Hao walionyeshwa picha za wanyama zilizochapwa juu ya nguo, kitu wakijuacho, na wengi wakawatambua wanyama, ijapokuwa baadhi yao kwa kwenda polepole, mkia kwanza, kisha mguu, kisha pembe.

Habari hizi zatufundisha kwamba picha nayo ni maandiko, na kusoma kwake hujifunzwa. Mwalimu ainuaye kadi hudhani ameonyesha kitu. Alichoonyesha ni mistari na rangi, na kati ya mistari ile na kitu kuna safari ambayo mwanafunzi lazima aifanye kwanza, ndipo aanze safari ya pili ya kufika kwenye jina. Akichoka katika ya kwanza, twamwita mzito wa lugha.

Iko hitilafu nyingine, nayo haiponywi kwa uchoraji mzuri. Lugha hazikuugawa ulimwengu kwa mipaka mimoja. Katika kasha letu imo kadi ya Kiingereza yenye neno rice, na picha yake ni sahani yenye kitu cheupe kifukacho mvuke. Tuliambiwa na kitabu cha mwalimu kwamba maana yake ni wali. Miezi miwili baadaye mwanafunzi mmoja, mke wa mwanachama, alikuta neno hilo hilo juu ya gunia dukani, akatuuliza kwa nini Waingereza huuza wali katika magunia. Alikuwa na haki ya kuuliza. Sisi tuna mpunga shambani, mchele guniani, wali sahanini, na hata ukoko chini ya sufuria tumeupa jina lake. Wao wametosheka na neno moja. Kinyume chake, sisi twasema mkono, na neno hilo latoka begani hata ncha za vidole, lakini Mwingereza ameukata mkono mara mbili na kila kipande amekipa jina. Ukimwonyesha mtu kadi ya kiganja kilichokatiwa kifundoni ukampa neno, na bila kumwambia mpaka wa neno hilo, umempa nusu ya habari naye atadhani amepata nzima. Kadi moja haitoshi hapo. Zatakiwa tatu zilizowekwa pamoja, gunia, shamba na sahani, na nyuma ya zote tatu neno lile moja.

Darasa letu lina upande wa pili, ambao katika mkutano haukutajwa kabisa. Wapo wenzetu waliotoka nchi jirani, na Kiswahili kwao ni lugha ya pili, kama Kiingereza kilivyo kwetu ya pili au ya tatu. Hao wataongezeka. Rwanda ilikifanya Kiswahili kuwa miongoni mwa lugha zake rasmi mwaka 2017, na mwaka 2022 baraza la mawaziri la Uganda lilikubali kifundishwe kwa lazima katika shule za msingi na za sekondari. Watumishi wa nchi hizo watapata watoto wao wakirudi shuleni na maneno wasiyoyajua, nao watatafuta mwalimu. Je, kasha la kununua litawafaa? Tumelijaribu. Tulichukua kadi zile zile za Kiingereza tukabandika majina ya Kiswahili juu yake. Mwenzetu mmoja, mama yake Mjaluo na lugha yake Kijaluo, alishika majina arobaini kwa juma moja, hata tukamsifu. Kisha akafungua kinywa akasema, "Kiti yangu iko wapi?" na "Nataka vitabu mbili."

Kosa lilikuwa la nani? Kadi ilimwonyesha kiti kimoja, peke yake, hakina mwenyewe, hakina rangi wala mwenzake. Lakini jina la Kiswahili halitembei peke yake. Hutembea na jamaa zake wote, na wote huvaa sare moja. Kiti changu, viti vyangu, kiti chekundu, viti viwili vyekundu. Gari jekundu, mti mwekundu, nyumba nyekundu. Aliyezaliwa na lugha ya Kibantu atashangaa kidogo kwa namna zetu, kisha atakumbuka kwamba hata kwao mambo ni hivyo. Lakini asemaye Kijaluo hana ngeli za namna hii nyumbani, na kadi ya Kiingereza haina pa kumwonyeshea, kwa sababu Kiingereza hakina haja nazo. Basi tukatupa kadi zile, tukachora nyingine. Upande mmoja kiti kimoja chekundu, na kando yake viti viwili vyekundu, upande wa nyuma hatukuandika "kiti" tu, tuliandika "kiti changu chekundu, viti vyangu viwili." Kazi ilikuwa ndefu zaidi, na majina arobaini yakawa kumi na mawili kwa juma. Lakini hayo kumi na mawili alipoyatumia sokoni hakuna mwuzaji aliyegeuka kumtazama.

Sasa juu ya mpangilio wa makasha haya ya kununua. Yote tuliyoyaona yamefungwa kwa jamaa: bahasha ya matunda, bahasha ya nguo, bahasha ya wanyama. Mpango huo wapendeza macho kama faili zilizopangwa kwa herufi, na sisi makarani huupenda kwa tabia zetu. Lakini kichwa cha mwanafunzi si kabati la masijala. Mwaka 1993 Thomas Tinkham alionyesha kwa majaribio kwamba maneno mapya ya jamaa moja yakifundishwa kwa pamoja hujifunzwa kwa shida zaidi kuliko maneno yasiyo na ujamaa, kwa kuwa hugongana. Robert Waring alirudia majaribio hayo na Wajapani, akatoa habari mwaka 1997, naye akaona vivyo hivyo. Kila mmoja wetu anaweza kushuhudia. Fundisha shati, suruali na koti jioni moja, kesho mwanafunzi ataivaa suruali mabegani. Afadhali shati, mbuzi na daraja.

Na namna ya kuzitumia je? Tulikuwa tukiinua kadi, tukisema neno, darasa likiitikia kwa pamoja kama watu wavutao jahazi. Sauti ilikuwa nzuri na tulidhani tumefundisha. Hermann Ebbinghaus, Mjerumani aliyejifanya mwenyewe kuwa mwanafunzi na mtahini, aliandika mwaka 1885 kwamba mtu husahau kwa kasi sana katika saa na siku za kwanza, kisha kusahau hupunguza mwendo. Na mwaka 2006 Roediger na Karpicke wa Marekani walionyesha kwamba waliojaribiwa kwa kukumbuka wenyewe walilolisoma walilihifadhi baada ya juma moja kuliko wale waliorudia kulisoma tu. Kwa hiyo kuitikia si kitu. Kadi ionyeshwe na mwalimu anyamaze, mwanafunzi alitafute neno katika kichwa chake mpaka jasho limtoke, ndipo kadi igeuzwe. Sebastian Leitner alieleza mwaka 1972 sanduku lenye vyumba: kadi iliyojibiwa vema husogezwa chumba cha mbele, ambacho hufunguliwa kwa nadra zaidi, iliyokosewa hurudi chumba cha kwanza, ikaulizwe kesho. Karani yeyote aliyewahi kuwa na trei ya barua zilizojibiwa na trei ya barua zingojeazo ataelewa kazi hiyo kwa dakika moja. Sanduku la viatu latosha.

Hatusemi kadi hufundisha kila kitu. Hakuna picha ya "ingawa", wala ya "samahani", wala ya tofauti kati ya kumwamkia mkubwa na kumwamkia rika. Hayo hujifunzwa kwa kukaa na watu.

Shauri letu, basi, ni kwamba kasha lisinunuliwe. Fedha zile zinunue kamusi nne za kuazimwa, na rangi, gundi na mikasi. Kadi tuzifanye wenyewe kwa karatasi ngumu za makasha ya dukani na kalenda za mwaka uliopita, ambazo kila mwanachama anazo ukutani na mkewe amekwisha kumwambia azitoe. (Karatasi ya serikali isiguswe. Twalisema hili kwa kuwa twawajua wenzetu, na majalada yaliyofutwa nayo yana sheria zake za kuharibiwa.) Na zaidi ya hayo, kila mwanafunzi achore kadi zake kwa mkono wake, au achague na kukata picha yeye mwenyewe. Mwanafunzi aliyechora nyumba hawezi kushindwa kuitambua nyumba yake.

Tumekwisha kusikia jibu la Bwana Mweka Hazina, kwamba michoro ya wanafunzi itakuwa mibaya na wageni watatucheka. Ni kweli ni mibaya. Yuko mmoja aliyechora mbuzi ambaye hata sasa hatujapatana kama ana miguu mitano au mkia mnene. Lakini yeye na wenziwe wote hawatalisahau neno la mbuzi kwa Kiingereza maisha yao, na kadi nzuri ya kondoo iliyomo katika kasha hakuna aikumbukaye.

Juu ya mzee, tulimwendea nyumbani kumwomba radhi. Alitupokea vizuri, akatuletea chai, akatuuliza habari za watoto wetu, akasema siku hizi kazi ni nyingi na macho yake hayapendi taa. Hatukumshurutisha. Alipotusindikiza hata njiani aliuliza, kama mtu aulizaye habari za mvua, nyumba zile zenye moshi juu ya paa ni za nchi gani. Tukamweleza baridi ya huko, na moto uwashwao ndani chumbani, na dohani. Akasema, "Kumbe," akarudi.

Katika mkutano ujao tutaomba shauri la kasha lipigiwe kura upya. Kadi za kwanza zilizochorwa darasani zitakuwa mezani kwa Bwana Katibu, na kila mtu atazigeuza mwenyewe. Miongoni mwake mtaona kumi na mbili zisizo na mnyama wala tunda. Ni bahasha ndogo, kila moja na jina la ofisi juu yake kwa Kiingereza kama lichapwavyo, na nyuma yake mlango wa ofisi hiyo uliochorwa kama ulivyo: wa Ardhi una kitasa kilichovunjika, na wa Hazina una benchi refu mbele yake. Msizichanganye na nyingine. Zinapelekwa kwa mzee siku ya pili yake.